Goti la Kushoto la Nkambo

Nkambo wangu alianza kumtafuta mtu wa kumwigiza kwenye kilio chake wakati yeye mwenyewe bado anamaliza bonge zima la ugali wa bukari na kudai aongezewe mboga ya sombe. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa hata na mafua. Alikuwa tu ametoka kwenye kilio cha jirani yetu, mzee wa heshima, ambako palikuwa na viti vya kukodi, spika mbili kubwa na pasta mwenye suti, lakini hakuna hata mjukuu mmoja aliyethubutu kutembea kama marehemu. Nkambo alivua viatu mlangoni, akaketi, akasema: "Bamemuzika ule tata sawa mutu haina na bajukulu. Mi, bakinizika vile, nitarudia."

Nkambo ndivyo tunavyomwita bibi huku Kolwezi. Huyu ni mama wa mama yangu, naye ndiye aliyenilea tangu mama alipoolewa mara ya pili na kuhamia Likasi. Kwa asiyejua desturi ya kwetu, nieleze kidogo. Mzee akifariki, watoto wake hulia, na wajukuu huchekesha. Mjukuu mmoja huvaa kikwembe cha marehemu, yaani kitenge chake, hufunga kitambaa chake kichwani, kisha hupita katikati ya watu akitembea kama yeye, akigomba kama yeye, akikataa chakula kama yeye alivyokuwa akikataa. Watu hucheka mpaka wanashikana mabega. Mjane anacheka. Hata waliokuja kunywa munkoyo tu wanacheka, na kwa muda kidogo mzee anakuwa amerudi nyumbani.

Nkambo mwenyewe alikuwa bingwa wa jambo hilo. Alipokuwa msichana kule Lubudi alimwigiza babu yake vizuri kiasi kwamba mbwa wa marehemu alinyanyuka akamfuata, akakaa miguuni pake siku nzima. Nimeisikia habari ya mbwa huyo mara nyingi kuliko habari za Nuhu, na kila mwaka mbwa anazidi kunenepa.

Basi akatuchambua wajukuu kama anavyochambua mchele. Mkubwa wetu anafanya kazi ya benki Lubumbashi, huyo alishasahau kucheka bila kulipwa. Anayemfuata ameokoka, na kanisa lake linasema kuigiza marehemu ni kumwita shetani. Dada yake anapenda mno, ila anaanza kucheka mwenyewe kabla hajafika katikati ya uwanja. Nikabaki mimi.

"Weye unanijua," Nkambo akasema. "Unanichoraka kila wiki."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa mwanamke wa kwanza hapa mjini kuchora katuni na kuziuza, na nasema hivyo bila kuona haya, maana mpaka leo hajatokea wa kunipinga. Nilichora kwa penseli mezani pa kulia chakula, nikapitisha wino, nikapeleka kwenye duka la fotokopi, nikakunja karatasi na kuzibana kwa stepla. Kijitabu kilikuwa tayari. Tata mmoja Mwislamu, baba mtu mzima ambaye familia yake ilitoka Maniema, aliniruhusu nivitundike kwa kamba mbele ya duka lake la mafuta na mikeka. Alisema anavisoma ili ajue kama ni vitu vya heshima. Alikuwa anavisoma vyote, na kila kimoja mara mbili.

Katika hadithi zangu palikuwa na mwanamke mzee mmoja tu, na adui yake alikuwa malori. Malori ya madini hupita barabara ya kwetu kutwa, yakienda na kurudi upande wa mgodi wa Mashamba, na vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya sufuria yenye kifuniko. Katika kijitabu cha kwanza yule mama alifagia vumbi lote la mlangoni pake, akalijaza kwenye gunia, akalibeba kichwani mpaka yanapoegeshwa malori, akamgongea dereva kioo: "Tata, uliangusha kitu yako." Watu walivunjika mbavu. Madereva ndio waliokuwa wanunuzi wangu wakubwa.

Lakini hawakuamini kwamba ni mimi ninayechora. Mtu alinunua, akacheka, kisha akaniambia nimsalimie bwana wangu kwa kazi nzuri. Mmoja alisimama kabisa akashauri: "Mama, umuambie bwana yako achore makubwa kidogo, macho yangu inachoka." Sikuwa na bwana wakati huo. Nilitoa macho tu. Nkambo, aliyekuwa ameketi pembeni yangu na karanga zake, akamjibu kwa upole: "Bwana yake alishakufaka. Alikuwa anauliza maulizo mingi."

Sasa mtu wa namna hiyo unamchora bila shida. Kumwigiza mbele ya watu ni jambo jingine. Mimi nilikuwa mwoga. Nilipenda karatasi kwa sababu karatasi inasimama kati yangu na watu, wao wanaitazama yenyewe nami napumua. Nilimwambia Nkambo kwamba kazi yangu ni mkono na wala si mwili. Akachukua kijitabu cha karibuni, akakiweka mbali na macho yake, akanionyesha.

"Mu karatasi hii mi natembea wapi? Niko tu nasimama sawa nguzo ya umeme. Batu batajua namna gani kama mi nilikuwa natembeaka?"

Nilimnyang'anya kijitabu, nikakasirika, kama ilivyo kawaida yangu mtu akisema kweli.

Kundi la tamthilia la parokia ndilo lililomsaidia Nkambo bila kujua. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu wa Kifaransa, mtu wa tumbo kubwa na sauti ndogo, naye alitaka kuzigeuza hadithi za gunia la vumbi ziwe mchezo wa jukwaani. Nilikubali kwa furaha: mimi niandike maneno, wao wacheze. Walikuwa wamempata dada mmoja wa kuigiza yule mama mzee, mzuri sana, mwenye sauti ya kufukuza kuku mitaa miwili. Kisha dada huyo akapata kazi Lubumbashi, akaaga siku hiyohiyo na kupanda basi. Mwalimu akanigeukia mimi, niliyekuwa nimeketi kwenye benchi na penseli yangu sikioni.

"Weye njo ulimuzala ule mumama," akasema. "Weye njo utamucheza."

Nilikataa. Nikakataa tena. Nikafanya kosa la kusimulia habari hiyo nyumbani, na Nkambo akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani amejifungua. Maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge, na mimi nguo zangu zilivuliwa na bibi yangu mwenyewe.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa aibu tupu. Mchora katuni huishi ndani ya visanduku. Katika kila kisanduku mtu anafanya jambo moja, anatulia, na msomaji anahama kwenda kisanduku kinachofuata. Basi jukwaani nikafanya hivyohivyo. Nilinyanyua fagio, nikatulia. Nikageuza shingo, nikatulia. Nikafungua mdomo, nikasema neno langu, nikabaki hivyo mdomo wazi, nikisubiri watu wamalize kunisoma.

"Mama," mwalimu akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "juu ya nini unasimama-simama? Tuko nakupiga foto?"

Tena nilikataa kuingia kwa upande wa kulia. Katika katuni zangu mtu huingia kushoto akaelekea kulia, kama maandishi yanavyokwenda, na anayetokea kulia akaelekea kushoto huwa ameshindwa, anarudi nyumbani. Walitaka niingie kulia nikiwa na gunia la vumbi, kwa ushujaa. Mwili wangu ulikataa kabisa. Nilizunguka nyuma ya pazia mbiombio nikaingia kushoto, nikamkuta dereva wa lori amenipa mgongo ananingoja upande wa pili. Wenzangu walicheka mpaka wakalala sakafuni. Nilitaka kuwapiga na lile gunia.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nkambo alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka sahani chini. "Kesho nakuja," akasema.

Akaja kweli, na kigoda chake kichwani, kwa sababu viti vya parokia anasema vinamlaza mguu. Alitazama zoezi zima akila karanga zake moja moja, na kwa mtu anayemjua hilo linatisha zaidi ya matusi. Tulipofika nyumbani akafunga mlango wa ua, akanivika kikwembe chake, akasimama nyuma yangu, akanishika kiuno kwa mikono miwili kama mtu anayesukuma mkokoteni. "Tembea," akasema. "Ukisimama, nakusukuma."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuigiza, nikisukumwa na bibi mwenye umri zaidi ya mara mbili ya wangu kuzunguka mbabula, jiko letu la makaa. Alinifundisha mkono wa kushoto unavyopandisha kikwembe kabla ya kugomba, wala si baada. Alinifundisha mlio wa ulimi anaoutoa akisikia bei ya makaa yanayotoka Mutshatsha. Alinionyesha jinsi anavyokataa chakula mara ya kwanza, na jinsi anavyohakikisha kwamba hakiondoki mbele yake. Mambo hayo nilikuwa nimeyaona maisha yangu yote, na sikuwahi kuyachora hata moja.

La mwisho lilikuwa goti. Goti la kushoto la Nkambo halikunji sawasawa. Zamani alikuwa anauza karanga kwenye treni, na siku moja pale Lubudi alimwona mshindani wake ameshamfikia mnunuzi mzuri, akaruka kutoka kwenye treni kabla haijasimama, na beseni kichwani. Hakuna karanga hata moja iliyoanguka, anaapa. Goti ndilo lililoumia. "Goti yangu ilibakia Lubudi," anasemaga, "mi nilipita." Tangu hapo akipanda ngazi au kizingiti, goti hilo hutoka kwanza nje kidogo, kama mtu anayechungulia, kisha hurudi ndani, ndipo mguu unashuka. Nilijaribu mara nyingi. Nilipolitoa nje, lilikataa kurudi. Niliporudisha, nilijikwaa.

Na katika kunifundisha alikuwa akitaja siku ile, siku ya kilio chake, kama watu wanavyotaja Krismasi. "Siku ile utavaa hii ya manjano, ile ya bleu batanizika nayo." "Siku ile usiimbe mingi, sauti yako iko kavu." Nilikuwa nakubali, ndiyo Nkambo, ndiyo Nkambo. Mpaka alasiri moja akaniambia siku ile niingie kwa mlango wa jikoni ili nitokee mbele ya dada yake, huyo ndiye atalia sana na huyo ndiye wa kumchekesha kwanza. Nikavua kikwembe chake nikakitupa juu ya kamba ya nguo.

"Mi sitaki."

"Hautaki nini? Mulango ya jikoni?"

"Sitaki siku ile!"

Ilinitoka kwa kelele, na nikaanza kulia papo hapo kama mtoto wa shule ya chekechea, mimi mtu mzima mwenye kijitabu chake kinachouzwa mjini. Niliona ghafla tulichokuwa tunafanya uani pale. Nkambo alikuwa ananifundisha kazi, nami nilikuwa ninafundishwa kumzika. Nilimpenda mno kiasi kwamba sikutaka kuijua kazi hiyo, na labda ndiyo maana goti lilinikatalia.

Nkambo alikichukua kikwembe, akakikung'uta vumbi, akakitazama kama kimechafuka.

"Nani alikuuliza kama unataka?" akasema. Kisha akacheka, na akanikokotea kigoda chake, kitu ambacho hamfanyii mtu. "Mutoto, mi siko naenda leo. Leo kuko samaki."

Mchezo ulichezwa Jumapili alasiri, baada ya misa, katika ukumbi wa parokia. Watu walijaa hadi madirishani. Wachimbaji walikuja wameoga wakinukia sabuni, madereva walikaa pamoja nyuma, tata wa duka la mikeka alikuja na familia yake yote wakachukua benchi zima. Nkambo alikuwa mbele kabisa juu ya kigoda chake, amevaa kikwembe cha manjano. Mimi nilivaa cha bleu. Tulikuwa tumegombana asubuhi yote kuhusu hilo: mimi niliapa sitagusa cha manjano, yeye akasema basi nikichafua cha bleu nitakiona.

Niliingia upande wa kulia. Hilo tu naona lilistahili makofi. Nikafagia, nikajaza gunia, nikapiga ulimi, watu wakacheka, nikaona kumbe mambo ni rahisi, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilimfikia dereva, nikagonga kioo, na badala ya kusema nikatulia. Kisanduku kimekwisha. Mkono hewani, mdomo wazi, na maneno yangu, niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, yamepotea yote. Nilimwona mwalimu kando ya pazia anajishika tumbo kwa mikono miwili.

"Songa!" Nkambo akaita kutoka kwenye kigoda chake. "Unangoja vumbi ikauke?"

Watu wakageuka. Mimi sijui nini kilinipata. Niliteremsha mkono wa kushoto, nikapandisha kikwembe, nikamgeukia.

"Na weye mumama wa manjano," nikasema kwa sauti yake, "nani alikuita? Unakuja ku kilio ya batu na kigoda yako?"

"Kigoda ni yangu!"

"Na vumbi ni ya nani?"

"Uliza ule dereva, usiniulize mi! Mi nililipa kuingia!"

"Haukulipa! Ulipita na mulango ya jikoni!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walidhani tumelipanga. Nkambo akasimama, nami nikateremka nusu ya ngazi za jukwaa, tukawa tunagombana uso kwa uso, Nkambo wawili, kila mmoja ameshika kikwembe kwa mkono wa kushoto, kila mmoja anapiga ulimi. Yeye akifungua mdomo mimi ninajua kitakachotoka. Tata wa duka la mikeka alivua kofia akajipepea. Mwishowe nikamgeukia dereva wangu maskini, nikasema neno langu, "Tata, uliangusha kitu yako," na kelele zilizofuata sijapata kuzisikia tena hata katika miji mikubwa zaidi.

Nilipanda ngazi kurudi jukwaani. Goti likatoka nje, likakataa kurudi, nikajikwaa, nikamalizia mchezo nikichechemea kwa mguu usio ule wa Nkambo.

Baadaye, watu walipokuwa wanatushika mikono, nilimngoja Nkambo aseme. Nilijua kwamba akisema kazi imekamilika, basi imekamilika kweli, na sikujua kama ningeweza kustahimili. Alichukua muda wake. Alijifunga upya kikwembe, akanipapasa mkono, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni kama anayenunua kuku.

"Mukono, iko," akasema. "Mudomo, iko. Matusi, iko, Mungu akusamehe. Goti, bado."

"Bado kabisa?"

"Bado kabisa. Na mi siwezi kufa na goti ya uongo. Batu batasema ni mutu mwingine." Akabeba kigoda chake. "Siku ile itangoja."

Nilisikia vizuri sana.

Tangu siku hiyo maisha yangu yamegeuka. Meza ya kuchorea imerudi kuwa ya kulia chakula, isipokuwa wiki chache ninapopata hamu ya wino. Tumecheza Likasi, tumecheza Mutshatsha katika ghala la mahindi, na Lubudi tulicheza karibu kabisa na stesheni, ambako Nkambo alisimama kabla ya mchezo akawaonyesha watu mahali hasa aliporukia. Sokoni watoto wananiita Nkambo nami sijafika hata miaka arobaini. Wanawake wawili vijana wananiletea michoro yao niwarekebishe, na mmoja ana mkono mzuri kuliko wangu, jambo linalonifurahisha siku nyingi na kuniudhi siku chache. Tata wa duka la mikeka bado anauliza kijitabu kipya kitatoka lini.

Goti tu ndilo bado. Kila mchezo, ninapopanda zile ngazi, ninalitoa nje na kulikwamisha. Mwalimu wetu hunilalamikia: "Mama, mu répétition ulifanya muzuri, mbele ya batu unaharibisha juu ya nini?" Ninamjibu kwamba ni woga. Kila mara Nkambo anakuwa mbele juu ya kigoda chake, ananitazama, anatikisa kichwa, na jioni ananieleza upya habari ya treni na beseni.

Juzi nilikuwa natoka bombani na beseni la maji kichwani, nikiwaza habari za mafuta ya kupikia. Nilipofika kizingiti cha ua nikapandisha mguu wa kushoto, na goti likatoka nje kidogo, likachungulia, likarudi ndani, mguu ukashuka. Maji hayakumwagika hata tone. Nilibaki nimesimama pale. Lilikuwa goti lake lenyewe, zima, na mbele yangu Nkambo alikuwa ameketi kando ya mbabula, ananitazama moja kwa moja.

Aligeuza mahindi aliyokuwa anachoma, moja baada ya jingine, na mimi nikapita ndani na maji yangu bila kupumua.

Wakati wa kula alikata tonge, akalifinyanga polepole, akasema bila kuinua macho:

"Ile goti yako, bado."

"Ndiyo, Nkambo. Bado."

"Jumapili nitakuja kuangalia tena."

"Kuja, Nkambo."

Akasukuma sahani yake upande wangu, nikamwongezea sombe.